Mguu Mweupe wa Almasi: Kioo cha Pili

Mlango wa chumba cha giza uligongwa mara tatu, na Leodegar, mpiga picha wetu, hakuitika.

Angeitikaje? Ndani ya karai la dawa, chini ya taa nyekundu, picha ilikuwa imemaliza kutokea, na picha hiyo ilikuwa inampeleka shemeji yake jela.

Nyie mliofungia samaki gazeti la juma lililopita kabla ya kulisoma, sogeeni, sitasema mara mbili. Jumamosi kulikuwa na mashindano ya farasi kuruka viunzi kwenye kiwanja cha Klabu ya Farasi ya Mtoni, huku kwetu Temeke. Almasi, farasi wa klabu, nambari nane, aliruka vizuri kuliko alivyopata kuruka maishani mwake, akachukua kikombe. Aliyempanda alikuwa afisa mgeni aliyeshuka melini Ijumaa, hamjui Almasi wala nani.

Kapteni Rudge, ambaye farasi wake alitoka wa pili, akawaka moto. Akasema yule si Almasi. Almasi ni wa hudhurungi, na mguu wake wa mbele wa kulia ni mweupe. Aliyeruka, alisema Kapteni, ni Johari, farasi mwingine wa hudhurungi asiye na weupe popote, ambaye bibi anayemmiliki yuko likizo Ulaya. Saisi, yaani mtunza farasi, kampaka chokaa mguuni ili afanane na mwenzake!

Saisi huyo ni Alfonsi. Dada yake Alfonsi ni Auleria, na Auleria ni mke wa Leodegar. Tangu Jumamosi jioni Alfonsi analala mahabusu, na leo Jumatatu saa tisa wakubwa wa klabu wanakutana kuamua kama apelekwe kwa hakimu. Shahidi wao ni mmoja tu, picha.

Na katika picha ile mguu mweupe ulikuwa wa kushoto.

"Mtu gani huyu," Leodegar akanong'ona peke yake, "anapaka chokaa, halafu anakosea mguu?"

Mlango ukagongwa tena.

"Baba Adelard! Ni mie. Fungua."

Alifungua. Auleria akaingia upesi na kusukuma mlango kwa kisigino. Alikuwa amejitanda ile kanga yake ya korosho kubwa kubwa, aliyonunuliwa na mumewe Krismasi. Hakusalimu. Alikwenda moja kwa moja kwenye karai, akainama.

"Wa kushoto," akasema.

"Umejuaje kutazama mguu?"

"Temeke nzima inazungumza mguu, mume wangu. Mie niangalie masikio?" Akamshika mkono. "Ivunje. Kioo chenyewe ilikotoka picha kivunje, sema kilikuponyoka."

"Kaka yako ameniapia hakufanya kitu."

"Basi kivunje."

"Kama hakufanya kitu, nivunje cha nini?"

Auleria akazidi kumkaza mkono. Leodegar akahisi kiganja cha mkewe kinakwaruza. Akakigeuza chini ya taa. Kilikuwa kimechubuka kutoka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo.

"Nini hii?"

"Kamba ya kisima. Si nilikwambia, Jumamosi tulichota maji mchana kutwa kule Mbagala, kwenye matanga ya mama yake jirani yetu Felicitas."

Ni kweli alikuwa amemwambia kuhusu matanga. Kuhusu kamba hakuwa amemwambia. Leodegar aliuachia mkono ule, lakini moyoni kitu kilibaki kimesimama wima.

Akairudia picha, maana macho ya mpiga picha yakikosa pa kukaa hurudi kwenye kazi. Farasi yuko juu ya kiunzi. Nambari nane ubavuni. Mpandaji amelala shingoni. Pembeni, bendera mbili, moja nyeusi na moja nyeupe.

Moja nyeusi!

"Mama Adelard," akasema polepole, "bendera nyekundu kwenye picha hutoka rangi gani?"

"Nyeusi. Umenihubiria hayo tangu uchumba."

"Na kwenye kiunzi nyekundu hukaa upande gani wa farasi?"

"Mie najuaje?"

"Kulia! Kila kiunzi, kila mashindano, nyekundu kulia kwake, nyeupe kushoto kwake. Hapa nyekundu iko kushoto." Akaipiga meza kofi. "Picha imegeuka! Na nane ukiigeuza inabaki nane, ndiyo maana sikuona. Mguu ni wa kulia! Ni Almasi!"

Sasa hapa, msomaji, ungetarajia dada mtu apige vigelegele. Auleria alishika ukingo wa meza, akasema, "Mungu mkubwa," kwa sauti ya mtu aliyesomewa barua ya mwenzake. Leodegar aliona. Lakini furaha ilikuwa imemjaa, na mtu mwenye furaha hapendi kuuliza maswali. Alitoka mbio.

Chumba kile cha giza kiko nyuma ya duka la nguo la Hilal bin Thuwaini, na anayetayarisha vioo asubuhi ni dada yake Hilal, Bi Wahiba, mjane wa makamo mwenye mikono mitulivu kuliko yote Temeke. Leodegar mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Kioo cha picha kina pande mbili, upande wenye dawa na upande mtupu, na ule wa dawa ndio unaolazwa juu ya karatasi. Ukikosea, picha hutoka na ukungu kidogo, na kulia kunakuwa kushoto. Gizani macho hayasaidii. Unagusa pembe ya kioo kwa ncha ya ulimi, panaponata ndipo penye dawa.

"Bi Wahiba," alisema akihema, "kile kioo cha nambari nane ulikigusa kwa ulimi?"

Bi Wahiba aliweka chini majora ya nguo aliyokuwa akiyakunja.

"Mwalimu, leo siku ya kenda ya Ramadhani. Nilambe madawa mchana, nimefunga?"

"Ulikiweka vipi basi?"

"Kwa kidole. Nikapapasa, nikasema Bismillahi, nikafunga fremu."

Leodegar alicheka mpaka akashika mlango. "Na hukuniambia!"

"Hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia, maana nikifunga mie uwongo haupiti hapa." Akagusa koo lake. "Kwani nimeharibu?"

"Umeharibu, Bi Wahiba, na kuharibu kwako kumetuonyesha mlango wa kutokea."

Saa tisa kasoro Leodegar alikuwa kwenye baraza ya klabu, amevaa koti la kanisani, picha mbili mpya za kioo kile kile, mara hii zimetolewa upande sahihi, katika bahasha. Ndani haruhusiwi, weusi huishia barazani. Wakubwa walitoa viti vyao nje. Katikati alikaa Bwana Merton, katibu, mtu mpole asemaye Kiswahili cha kitabuni. Kando yake alikaa Kapteni Rudge, miguu kaitanua, fimbo ya kuendeshea farasi magotini. Alfonsi alisimamishwa uani kati ya askari wawili, shati lake limechafuka, anatazama chini.

Leodegar alieleza bendera. Alieleza dawa na ulimi. Bwana Merton alitabasamu aliposikia habari ya Ramadhani, akaipitisha picha kwa wenzake.

"Mguu wa kulia," akasema. "Bendera ziko mahali pake. Mimi naona ni Almasi."

"Mimi naona mpiga picha ni shemeji wa mwizi," alisema Kapteni Rudge.

Leodegar alihisi jasho likimshuka ndani ya koti.

"Bwana Kapteni, kioo hakijui shemeji."

"Wewe unajua. Utaapa?"

"Nitaapa."

Ikaletwa Biblia. Leodegar aliweka mkono, akaapa mbele ya Mungu kwamba picha ile ni ya kweli na kwamba farasi aliye pichani ni Almasi. Aliapa kwa sauti, bila kigugumizi, kwa sababu aliamini kila neno. Kumbukeni hilo baadaye, msije mkamhukumu bure.

"Mlete Almasi," Bwana Merton akaamuru.

Mtu mmoja akamleta kutoka bandani. Ndiye huyo, hudhurungi, mguu wa mbele wa kulia mweupe kuanzia gotini. Wakamsugua kwa kitambaa cha maji. Weupe haukutoka. Farasi akageuzwa kurudishwa, na Leodegar, ambaye kazi yake ni kutazama, aliona mguu wa nyuma unakanyaga kwa woga. Almasi alikuwa akichechemea.

"Ameruka sana Jumamosi, maskini," alisema Bwana Merton. "Saisi, uko huru. Nenda kale."

Alfonsi alipiga magoti pale pale kwenye changarawe. Leodegar naye machozi yalimlenga, na hakuona haya.

"Ngoja," alisema Kapteni Rudge. "Wewe picha. Kwa kila farasi unapiga mara ngapi?"

"Mara mbili, bwana. Moja juu ya kiunzi, moja akitoka kwenye dimbwi la maji."

"Ya maji iko wapi?"

"Haijasafishwa, bwana. Imo sandukuni na nyingine."

Kapteni alisimama, akapiga kiatu chake fimbo mara moja. "Nitaitaka kesho asubuhi. Ikionyesha kitu kingine, hutaapa tena kwa Biblia yoyote. Utaingia ndani na huyu ndugu yako, mkono kwa mkono."

Leodegar aliona amepewa kazi ndogo. Kwani maji yatasema nini ambalo kiunzi hakikusema? Alimtuma mtu na baiskeli kwa Bi Wahiba amsafishie kioo hicho leo leo, akamchukua shemeji yake nyumbani.

Nyumbani kulikuwa na ndizi za nyama, maana hawa ni watu wa Bukoba na hawashangilii kitu bila ndizi. Alfonsi alinawa, akala kwa pupa, akacheka, akambeba mpwa wake Adelard mabegani. Auleria alikuwa akienda jikoni na kurudi, haketi.

"Shemeji," alisema Alfonsi mdomo umejaa, "umeniokoa. Mie mtoto wangu wa kwanza nitamwita Leodegar hata akiwa wa kike."

"Sijakuokoa kabisa. Kapteni anataka na picha ya maji."

Tonge lilisimama njiani.

"Maji gani?"

"Akitoka kwenye dimbwi. Nampiga kila farasi pale, siku zote."

"Siku zote ulikuwaga unakaa upande wa jukwaani," alisema Alfonsi. "Kule nyuma ya dimbwi hukai kamwe."

"Jumamosi jua lilikuwa usoni. Nikahamia upande wa pili, nikalala kwenye majani, naangalia kule kwenye mabanda na mikorosho."

Jikoni kitu kilianguka kikavunjika. Auleria akasema ni bakuli tu, msije. Alfonsi alirudisha tonge sahanini, akafuta vidole polepole kimoja kimoja.

"Ile ya maji," akasema, "kwa kawaida si huwa haitoki? Kwa ajili ya matone?"

"Hutoka vizuri sana. Kwa nini?"

"Nauliza tu, shemeji."

Wasomaji wangu, mtu akisema anauliza tu, mwangalie miguu. Miguu ya Alfonsi ilikuwa imeshageukia mlangoni.

Leodegar alinyanyuka. Hakuaga. Kutoka kwake hadi dukani kwa Hilal ni mwendo wa robo saa, na siku ile aliufanya mfupi, akipita njia ya katikati ya mihogo ya watu. Kile kitu kilichosimama moyoni tangu asubuhi sasa kilikuwa kinatembea naye.

Jua lilikuwa linazama. Hilal alikuwa ameshatandika mkeka barazani, uji umefunikwa, tende ziko sahanini, naye anatazama anga kama mtu anayengoja kauli ya mkubwa wake.

"Wahiba yuko ndani," alisema. "Amenyamaza tangu alasiri. Umemfanya nini dada yangu?"

Bi Wahiba alikuwa chumbani, taa ya kawaida imewashwa, kazi imekwisha. Kioo kililala ndani ya karai la maji. Juu ya meza palikuwa na picha moja imefunikwa kwa kitambaa.

"Mara hii upande wa dawa ni wenyewe," akasema. "Nilimwita mtoto wa jirani asiyefunga akakiguse kwa ulimi. Mwalimu, kaa kwanza."

"Nitasimama."

Akafunua.

Farasi nambari nane alikuwa anatoka dimbwini, maji yakimruka pande zote. Bendera zilikuwa mahali pake. Mguu wa mbele wa kulia ulikuwa mweupe juu, karibu na goti. Kutoka hapo kwenda chini weupe ulikuwa unateremka kwa michirizi, unadondoka, unachafua maji. Ukwatoni mguu ulikuwa wa rangi moja na mingine mitatu.

Chokaa.

Kapteni Rudge alikuwa amesema kweli tangu mwanzo. Aliyepaka hakukosea mguu hata kidogo. Na Leodegar alikuwa ameweka mkono juu ya Biblia.

"Alfonsi," alisema, na hasira ilimpanda hadi masikioni. "Ameniapisha uwongo. Amekula nyama yangu akacheka!"

"Si Alfonsi peke yake," alisema Bi Wahiba. "Tazama pembeni. Kule nyuma, kwenye mikorosho."

Alitazama. Kati ya banda na mti wa kwanza, mahali ambapo watu wa jukwaani hawaoni, alisimama farasi wa pili. Huyo mguu wake ulikuwa mweupe hadi ukwatoni, mkavu. Mguu wa nyuma ameunyanyua, hataki kuukanyaga. Almasi mwenyewe! Alikuwa ameumia kabla ya mashindano, na saisi aliogopa kusema, maana farasi wa klabu akiumia mikononi mwa saisi, saisi hana kazi tena.

Lakini saisi alikuwa kule mstarini kumpokea mpandaji. Nani basi alimficha Almasi?

Mwanamke. Alikuwa ameizungusha kamba ya farasi kiganjani mara mbili, ameegemea nyuma kwa nguvu zake zote. Uso ulikuwa mdogo, lakini kanga ilionekana yote, korosho kubwa kubwa hadi kwenye pindo.

"Doti za kanga ile zilikuja mbili tu," alisema Bi Wahiba kwa upole. "Moja ninayo mie, sijaivaa bado. Nyingine ulinunua wewe."

Leodegar alifikiria kisima cha Mbagala, akafikiria mkono uliochubuka, na "ivunje, basi kivunje." Alimpenda Auleria. Hilo ndilo lililomuuma, kwamba hata sasa, akimwona ameegemea ile kamba, kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba farasi angeweza kumkanyaga.

Nje gari lilisimama. Mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo.

"Karibu, bwana," sauti ya Hilal ilisikika barazani. "Karibu, lakini sie tuko karibu kufuturu."

"Sitakaa. Mpiga picha yuko wapi?"

Kapteni Rudge hakungoja kesho.

Kwa pumzi moja Leodegar aliichana picha vipande vinne na kuvitia mfukoni. Akakiendea kioo. Mkono ulishafika majini, viatu vikaingia mlangoni. Bi Wahiba alitupa kitambaa juu ya karai.

"Kioo changu," alisema Kapteni.

"Bwana, kimevunjika."

Njia ya mwongo ni fupi, na huyu wetu hakuwa ameizoea. Sauti ilimtoka nyembamba. Maji yalikuwa bado yanadondoka vidoleni mwake. Kapteni aliyatazama yale maji, akalitazama karai na kitambaa chake, halafu akamgeukia Bi Wahiba.

"Mama, nasikia wewe ndiye unayesafisha vioo."

"Ni mie."

"Nasikia pia umefunga. Bwana Merton amecheka habari hiyo mchana kutwa. Mimi nimekaa miaka na Waislamu jeshini, najua mtu aliyefunga hasemi uwongo." Akasogea hatua moja. "Niambie. Kioo kimevunjika?"

Leodegar alimtazama mwanafunzi wake, mjane yule aliyepapasa kwa kidole kwa sababu hakutaka kuharibu saumu yake hata kwa ncha ya ulimi. Alijua jibu lake. Aliliona limeshafika kooni, pale pale alipogusa asubuhi.

Bi Wahiba alitazama nje ya mlango, kupita bega la Kapteni.

Ndipo kutoka msikitini adhana ya magharibi ikaanza. Hilal, asiyejua lolote, alinyoosha sahani ya tende mlangoni. Bi Wahiba alichukua moja, akaitia kinywani, akaitafuna taratibu, akaitoa kokwa na kuishika kiganjani. Saumu ya siku ile ilikuwa imekwisha, na kooni sasa neno lolote lingeweza kupita.

Akamtazama Kapteni usoni, akafumbua kinywa.